Bunduki ya Wani

Juma lililopita tulimzika Afande Adiga kwao Kuluva, nami nimerudi nyumbani Arua na hasira ambayo hata chai ya tangawizi haikuitoa. Hasira yenyewe ni ya hotuba. Walisimama wakubwa wenye nyota mabegani, mmoja baada ya mwingine, wakasema marehemu alikuwa simba, eti aliwanyang'anya waasi bunduki kwa mikono yake, eti Koboko nzima ilimtetemekea. Mimi nilifanya kazi chini ya Adiga katika mwaka wangu wa kwanza wa polisi, na ninasema wazi kwamba sikumwona akimnyang'anya mtu hata kijiti. Bunduki alizozipokea mwaka ule zililetwa na wenyewe, begani, mchana kweupe, katikati ya barabara, na kazi yetu sisi ilikuwa kuhakikisha zinafika mezani bila mtu kufa. Hiyo ndiyo kazi aliyoiweza. Lakini watu wa hotuba za makaburini hawapendi habari ya risasi ambayo haikulia. Basi nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki, mama mstaafu mwenye magoti mabovu, nikawatazama vijana wa polisi waliojipanga kando ya jeneza, bunduki wamezigeuza, mitutu inatazama chini, mmoja wao anajikuna shingo. Sikumlaumu. Hajui ameshika nini. Mimi pia sikujua mpaka nilipofika Koboko.

Habari za kwetu Logiri nitaziacha, maana zilikuwa kama za watu wote wa huko, muhogo na kanisa. Nilitumwa Koboko nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na sare iliyonipwaya kiunoni mpaka nikaikaza kwa pini. Tulilala katika nyumba za duara za bati, zile ambazo mchana zinakuoka na mvua ikinyesha huwezi kusikia hata mawazo yako. Nilipewa kitanda cha chuma, ndoo, na bunduki ambayo nililala nayo ukutani kama mke mwenza. Nilimchukia yule mke mwenza. Kitu pekee nilichokipenda mwaka ule, miezi ya mwanzo, kilikuwa hoteli ya Mama Wani nyuma ya soko. Wasomaji wa mbali wasidhani hoteli ni ghorofa. Ilikuwa chumba kimoja cha udongo, mabenchi mawili, na ukuta wa matete uliotenga wanaokula na jiko. Mama Wani alisonga enya ya muhogo na mtama, nyeusi, nzito, inayong'aa, akaileta na mchuzi wa angara, wale samaki wadogo wakavu, ulioungwa kwa simsim. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na aliniita mtoto wake tangu siku ya kwanza, kabla hata hajaniuliza jina. Niliona kwamba kila siku alipoanza kupakua aliweka bakuli moja pembeni, akalifunika kwa sahani, na jioni akawapa mbwa. Sikuuliza. Jikoni kwa mtu mzima huulizi.

Mwaka ule vita vya porini vilikuwa vimechoka. Serikali ilitangaza msamaha: anayetoka na bunduki yake na kuikabidhi hatashtakiwa. Basi watu wakaanza kutoka, upande wa Kongo na upande wa Sudani, lakini hawakutoka kama maji yanavyotoka bombani. Walitoka kwa kuchungulia. Ungemwona mtu anaingia sokoni na bunduki begani, ananunua sabuni na tumbaku, anatutazama, tunamtazama, anarudi alikotoka. Kesho anakuja mwingine. Ilikuwa halali au si halali? Hakuna aliyejua hasa, na kutojua huko ndiko kulikotuchosha. Wakubwa wakatoa amri, ikasomwa redioni, msikitini na kanisani: anayeleta bunduki aibebe wazi, asiifunge kwenye mkeka wala kwenye kuni; magazini ya risasi aichomoe na aishike mkononi; na mtutu uelekee chini. Akikaidi akishaonywa, atahesabiwa kuwa adui. Kila polisi alielewa neno hilo lina maana gani. Mwenzangu Konstebo Opio, kijana mrefu kutoka upande wa mashariki, ndiye aliyeishika amri hiyo kuliko sisi wote, na alikuwa na sababu yake. Kaka yake, polisi pia, aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani mahali pengine, na mtu aliyedai amekuja kusalimisha silaha. Aliishusha begani, mtutu ukapita mbele yao kwa ghafla, basi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Opio alishtuka hata mtu alipohamisha jembe kutoka bega hili kwenda lile.

Adiga yeye alikuwa mtu wa aina nyingine. Siku moja tuliambiwa kuna mtu ameketi kwa Mama Wani, bunduki mapajani, magazini imo ndani, na hataki kusema na mtu. Tulikwenda. Opio akajibana nyuma ya ukuta, jasho likimtiririka mpaka kwenye mkanda. Adiga akavua kofia, akaingia kama mteja, akasalimia kwa salamu ya Kiislamu ingawa yeye alikuwa Mkristo wa misheni, akaketi mkabala na yule mtu. "Mama Wani," akasema, "letea sisi enya. Na angara, mchuzi mingi. Ndugu yangu hapa iko na njaa." Mimi nilisimama mlangoni nikidhani afande wetu amepata wazimu. Chakula kikaja. Yule mtu akakitazama muda mrefu, kisha akanyoosha mkono wa kulia akamega, na wa kushoto ukashika bakuli lisiteleze, maana mchuzi ulijaa mpaka ukingoni. Walikula. Bunduki ikabaki mapajani bila mkono wa kuishika. Walipomaliza, Adiga akanawa, akasema taratibu, "Sasa mimi nachukua hii, wewe nalala nyumbani leo," naye akaichukua kama mtu anayeondoa vyombo. Baadaye nilimwuliza kama hakuogopa. "Mutu nakula enya, mikono yake iko na kazi," akaniambia. "Mimi naogopa ile ambaye nakunywa chai." Nilicheka.

Kulikuwa na jambo moja lililotutatiza. Vijana walileta bunduki, lakini wazee hawakuleta. Koboko ni mji wa jeshi. Kila ukoo una mtu aliyevaa sare katika jeshi lile la zamani, la serikali iliyopinduliwa, na tulijua kuna silaha zilizobaki kwenye mapaa ya nyasi tangu enzi hizo, pamoja na za watoto wao. Wazee wenyewe walitusalimia vizuri, walitusifu, walitukaribisha karanga. Bunduki hawakuleta. Opio alisema ni ukaidi. Wakubwa wa Arua walisema ni njama. Mimi nilikuwa na njaa tu siku nilipoujua ukweli, saa ile ya jua kali baada ya wateja kuondoka. Nilikuwa nimechelewa kula, nimeketi peke yangu upande wa mabenchi, na nyuma ya matete Mama Wani alikuwa na mumewe, Mzee Lemi, mkulima wa Dranya aliyekuja mjini siku za soko na tumbaku yake. Nilimfahamu kwa mgongo: hata akinunua chumvi alisimama wima kama anakaguliwa. Hawakujua nipo.

"Baba Wani, peleka hii kitu kwa polisi," mama alikuwa akisema. "Mimi nachoka kulala na yeye ndani ya nyumba moja."

"Mimi napeleka. Nani nasema mimi nakataa? Lakini mimi hapana geuza."

"Amri inasema geuza."

"Amri ya watoto. Mimi katika jeshi nageuza bunduki mara mingi, Mama Wani, na kila mara iko nyuma ya maiti. Mutu hapana geuza bunduki bila maiti. Hii bunduki iko ya Wani. Kama mimi natembea na yeye mdomo chini, barabara mzima, watu nasema nini? Nasema Wani kwisha kufa. Mimi baba yake ndiyo nasema."

Nikasikia mwiko unawekwa chini.

"Na kama yeye kwisha kufa?"

"Nani naona maiti?"

"Hakuna mutu naona. Lakini mimi iko mama yake. Kila siku mimi napika, naweka ya kwake pembeni, jioni mbwa nakula. Mbwa iko nanenepa, Baba Wani. Geuza hii kitu, mimi nilie mtoto yangu."

Nilitoka kwa ncha za vidole, enya yangu nimeiacha nusu. Habari nyingine niliipata sokoni, maana Koboko hakuna siri ya muda mrefu. Wani, mwana wao pekee, alikwenda porini na vijana wenzake. Mwanzo wa mvua mmoja wa wenzake alirudi, akamletea mzee bunduki ya mwanawe, akasema amemwacha njiani upande wa Kongo na homa kali, atakuja akipona. Mvua zikaisha. Yule mwenzake akahama mji, hataki kuonana na wazee wale. Na kwa wale askari wa zamani wote, kumbe, amri yetu ilikuwa imewaambia waingie mjini kwa mwendo wa mazishi na hali kwao hakuna aliyefiwa. Kugeuza mtutu bila maiti ni kukiita kifo kije nyumbani. Wakubwa wetu hawakuwauliza. Waliandika "mtutu chini" kwa kuhofia maisha ya polisi, basi, na wazee kwa heshima zao hawakutaka kubishana na amri, wakanyamaza na bunduki zao zikakaa darini.

Nilimwambia Adiga yote. Alikuwa ofisini, kwenye ile meza yenye mguu mmoja wa tofali, akachokonoa meno. Nilimshauri twende Dranya tukaichukue kimya kimya. Akatikisa kichwa. "Sisi tukienda, Ayikoru, iko msako. Na msako nafunga mutu. Msamaha iko kwa ile ambaye naleta mwenyewe." Nikamwambia basi abadilishe amri. Akanitazama kama nimemwambia abadilishe mto upande mlima. "Amri iko ya wakubwa, mimi iko inspekta tu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Mungu nisaidie, siku yeye nakuja, mimi niwe pale." Nilitoka pale nimekasirika naye. Nilimwona mwoga. Kijana wa miaka ishirini na mmoja anadhani kila mtu mzima asiyepiga kelele ni mwoga.

Mzee Lemi alikuja siku ya soko, asubuhi, jua limeshapanda. Kizuizi chetu kilikuwa mti mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili, pale njia ya Dranya inapoingia mjini. Kwanza tuliona baiskeli zinaachwa. Wauza mihogo waliokuwa wanakuja kwa mstari walizilaza pembeni ya barabara, wakaingia majanini na mizigo yao. Kisha barabara ikawa tupu, na katikati yake akatokea yeye. Alivaa koti la jeshi, zito, la kijani kilichopauka, limefungwa vifungo mpaka shingoni katika joto lile. Bunduki ilikuwa bega la kulia, mtutu juu, mbinguni. Mkono wa kushoto ameunyanyua mbele, ameshika magazini tuione. Alitembea kwa mwendo wa gwaride, si haraka si polepole, na vumbi lilipanda kidogo kila alipokanyaga. Alikuwa ametimiza amri yote isipokuwa neno moja.

Opio alikwisha kupiga goti nyuma ya pipa. Nilisikia kufuli ya bunduki yake ikifunguliwa, mlio mdogo tu, lakini mpaka leo mtu akifungua kifuniko cha kopo karibu nami nageuka. Kila mmoja wetu alijua magazini ikitoka, risasi moja bado inaweza kuwa imebaki ndani. Risasi moja inatosha.

"Mzee! Simama!" Adiga akapaza sauti.

Mzee akasimama, visigino vikagongana.

"Geuza mtutu chini, Mzee wangu. Taratibu."

"Nani nakufa?"

"Hakuna mutu nakufa."

"Basi mimi hapana geuza. Afande, mimi naleta bunduki. Bunduki ya mtoto yangu. Risasi hii hapa. Mimi nakuja mbele, wewe nachukua, mimi narudi shambani. Lakini geuza, hapana."

"Afande, amekwisha kuonywa," Opio akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, si yake. "Afande, nipe ruhusa."

"Ngoja."

"Akishusha hiyo kitu, mtutu napita kwetu. Afande, hivi ndiyo kaka yangu nakufa. Mimi najua."

"Ngoja, Opio."

Niliogopa. Ninasema hivyo bila aibu: niliwaogopa wote wawili, Opio sawa na mzee. Mzee akapiga hatua moja. Adiga akamwambia asimame, akasimama, kisha akapiga nyingine, kana kwamba kila hatua anaomba radhi kwanza. Umbali ulikuwa unaisha. Ndipo nikasikia nyayo nyuma yetu, upande wa mjini, mtu mzito anakimbia. Ni Mama Wani. Mtu alikuwa amempelekea habari sokoni, akaja vilevile alivyokuwa, mwiko mkononi na enya imegandia kwenye mwiko. Aliinama akapita chini ya ule mti. Opio akapiga ukelele kwamba arudi. Mimi nikamkimbilia nimshike, nikashika gauni, lakini mwanamke yule aliniburuta kama kamba ya mbuzi, na nilipotahamaki tulikuwa katikati: mbele yangu mzee na bunduki yake, na nyuma yangu, mgongoni kabisa, bunduki ya Opio. Mgongo wangu uliihisi. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo.

Mama Wani alisimama mbele ya mumewe, akihema. Hakupiga kelele.

"Baba Wani. Wewe naogopa kusema. Basi mimi nasema."

"Mama Wani, nyamaza."

"Mimi nanyamaza tangu mvua. Kwisha."

Akautupa mwiko. Akaivua leso ya kichwani, nywele zake zilikuwa nyeupe zote, sikuwahi kuziona, akaifunga kiunoni kwa fundo, na akalitoa jina la mwanawe. Wani, aliita, Wani mtoto yangu, nani alikufunika, nani alikupa maji. Aliketi vumbini akaita. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Na kwa kuwa mfiwa alikuwa amekwisha kuanza, wanawake waliojificha majanini na mihogo yao wakaitikia, kisha wale wa nyuma ya kizuizi, mpaka sauti ikafika sokoni na soko nalo likaitikia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu naye, machozi yananitoka kwa ajili ya mtu ambaye sikuwahi kumwona. Nikamtazama mzee. Uso wake ulivunjika. Magazini ikamponyoka ikaanguka, na mkono ukapanda kwenye mkanda wa bunduki.

Na hapo ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote. Kwa sababu bunduki iliyo begani haigeuki yenyewe. Ili ielekee chini lazima ishuke, na ikishuka lazima mtutu upite mbele, usawa wa kifua cha mtu, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua. Mzee alikuwa anaigeuza, hatimaye, kama tulivyomwamuru, na kwa kuigeuza angeuawa. Nilijua. Opio alijua. Nilisikia pumzi yake ikikatika, vile mtu anavyoikata kabla ya kufyatua.

"Kikosi!" Ilikuwa sauti ya Adiga, ile ya uwanja wa gwaride ambayo sikuwa nimewahi kuisikia Koboko. "Geuza silaha!"

Hakumwambia mzee. Alituambia sisi. Yeye mwenyewe alikwisha kuishusha bunduki yake na kuigeuza, mtutu ukatazama viatu vyake, akasimama wazi mbele ya mapipa, kichwa ameinamisha. Opio akatii. Mwili ulimtii kabla ya kichwa, ndiyo faida ya gwaride. Bunduki yake ikashuka, ikageuka, na yeye mwenyewe akaitazama kwa mshangao. Wenzetu wawili wakafuata. Mimi niliitoa yangu mgongoni, nikaigeuza nikiwa nimepiga magoti, na Mama Wani ameng'ang'ania mguu wangu. Mzee Lemi akatuangalia mmoja mmoja, polisi wote wa kizuizi, mitutu yote ardhini. Kisha akaishusha bunduki ya Wani. Ndiyo, mtutu ulipita mbele yetu. Ulipita kifuani pangu, nikaona tundu lake. Ukaendelea, ukashuka, ukatazama chini, na mzee akaiingiza kwapani akainamisha kichwa vilevile alivyofundishwa ujanani.

Hatukuhesabu muda. Wanawake waliendelea kulia. Adiga ndiye aliyemwendea, akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Pole, Mzee. Pole sana." Alipovuta chuma cha pembeni kuikagua, risasi moja iliruka kutoka ndani ikaanguka barabarani. Mzee aliitazama kama sisi tulivyoitazama. Zaidi ya kuichomoa magazini, hakuwa ameifungua bunduki ile hata siku moja tangu iletwe. Aliyeiweka risasi ile ni Wani. Akainama akaiokota, akaipangusa vumbi kwa kidole, akampa Adiga.

Nilikwenda matangani Dranya. Niliketi kwenye mkeka na wanawake katika chumba chenye harufu ya moshi na simsim, nikamenya vitunguu, nikasikiliza. Shehe hakupenda kelele za wanawake, akasema hivyo, hakuna aliyemsikia. Halafu akasoma dua akalia yeye mwenyewe. Opio alikuja na mfuko wa sukari, akaketi na wanaume, na nilipochungulia nikamwona Mzee Lemi anammegea nyama kwa mkono wake. Chakula kilipopakuliwa nilimtazama Mama Wani. Hakuweka bakuli pembeni. Alikula, taratibu, kama mtu aliyetoka kuugua. Adiga hakuweza kukaa sana, kwa sababu aliitwa Arua kueleza kwa nini aliwaamuru polisi washushe silaha mbele ya mtu mwenye bunduki. Waliyomwambia huko hakutusimulia kamwe. Alirudi, na kuanzia siku ile, kwenye kizuizi chetu, bila karatasi wala tangazo, aliwaambia watu walete bunduki zimelazwa juu ya viganja viwili, kama unavyobeba kuni za kumpa jirani. Hapo wazee wakaanza kuja. Walikuja na makoti yao, mmoja mmoja, mikono mbele, mitutu haitazami juu wala chini. Cheo cha Adiga hakikupanda kwa miaka mingi baadaye, na sasa eti wanamwita simba.

Nimejiuliza mara nyingi kama Wani alikufa kweli. Hakurudi, hilo ndilo tunalolijua. Mama Wani alifariki miaka michache iliyopita, nami nilikwenda kumzika. Nilidhani tangu hapo mzee naye amemfuata, ndiyo maana kule Kuluva, hotuba ya mwisho ilipokuwa inaburuta miguu, sikuamini nilipoliona lile koti. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, amekunjika, amekuwa mdogo ndani ya koti kama punje iliyokauka ndani ya ganda. Mjukuu wa ndugu yake alimleta kwa bodaboda kutoka Dranya, safari yote ile. Nikaenda nikaketi naye, nikamtajia jina langu. Macho yake hayaoni vizuri, lakini alinishika kifundo cha mkono akasema, "Afande mwanamke. Wewe ambaye nalia na mama yake."

"Ndiyo, Mzee. Umekuja mbali."

"Hii mutu nageuza bunduki ya kwake kwa mtoto yangu," akasema. "Kabla mimi mwenyewe."

Jeneza likanyanyuliwa. Vijana wa polisi wakapiga hatua, mitutu chini. Mzee Lemi akasimama, nikamsaidia, na aliponyooka akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba ya wakubwa. Alikuwa na mkongojo, fimbo nene yenye kichwa cha mviringo, bila huo hatembei. Akaunyanyua, akaugeuza kichwa chini, akauingiza kwapani, mkono mwingine nyuma, kichwa ameinamisha. Yule kijana aliyekuwa anajikuna shingo alimwona, akaacha kujikuna. Bila mkongojo wake mzee hakuwa na cha kumbeba, basi nikamshika kiunoni, uzito wake wote ukaja kwangu na kwa magoti yangu mabovu, tukatembea hivyo nyuma ya jeneza, kwa mwendo wa gwaride, mpaka kaburini. Hakuurudisha mkongojo ardhini mpaka koleo la mwisho la udongo lilipokwisha kutupwa.